Jinsi ya kununua gemu ukiwa Dar bila kuumia: ofa, diski na za kudaunlodi

Bei ya gemu sio ile namba unayoiona dukani wala kwenye skrini. Bei ya gemu ni hela yote iliyotoka mfukoni mpaka umeimaliza, ukitoa ile itakayorudi ukiiuza. Ukiishika hesabu hiyo mambo mengi yananyooka yenyewe, utajua lini uende Kariakoo na lini utulie nyumbani usubiri ofa, na utaacha kubishana na watu kama diski ndo bora au ya kudaunlodi ndo bora, maana jibu linategemea gemu yenyewe, intaneti yako, na kama we ni mtu wa kurudia gemu au ukimaliza umemaliza.

Tuanze na bei zinatoka wapi. Magemu makubwa mapya yalikaa kwenye dola 60 muda mrefu sana, enzi zote za mashine za PlayStation, PS3 na PS4. Ilipokuja PS5 mwaka 2020 yakaanza kusogea dola 70, na mwaka 2025 Nintendo wakaitoa Mario Kart World kwa dola 80. Kwa kupigia hesabu humu nachukulia dola moja ni 2,500, we angalia ya siku hiyo maana inapanda na kushuka, basi dola 70 ni 175,000. Laki na sabini na tano kwa gemu moja, kwa mtu anayelipa kodi ya chumba na sebule Tabata au Mbagala, hiyo sio hela ya kuitoa kwa mihemko.

Na sisi hatuna bei yetu. Steam, lile duka kubwa la mtandaoni la magemu ya kompyuta, wana nchi ambazo bei inawekwa kwa hela ya huko huko na saa ingine inakuwa chini kidogo, Afrika Kusini wana randi yao, Tanzania tunaonyeshwa dola tena ile ile anayolipa Mmarekani. Kuna kipindi watu dunia nzima walikuwa wanajifanya wapo Uturuki au Argentina ili wapate bei za huko, Novemba 2023 Steam wakaondoa lira na peso, nchi hizo zikahamia kwenye dola. Ukisikia mtu anakushauri utumie VPN ununue kama upo nchi nyingine jua ni kinyume na masharti yao na akaunti inaweza kufungiwa na magemu yako yote ndani, sio moja, yote.

Kwa iyo silaha yetu ni mbili tu, muda na diski.

Ofa zina msimu wake, zijue kwa mwezi

Steam wana ofa kubwa nne kwa mwaka. Ya kwanza Machi, ya pili inaanza mwishoni mwa Juni na kuingia Julai, ya tatu zamani ilikuwa Novemba ila mwaka 2025 wakaisogeza mwisho wa Septemba kuingia Oktoba, na ya nne inaanza Desemba kabla ya Krismasi mpaka siku za kwanza za Januari. Zenye uzito zaidi ni hizo za Juni na Desemba, zinakaa wiki mbili au zaidi. Zinafunguliwa na kufungwa saa nne asubuhi ya pwani ya magharibi ya Marekani, kwetu hapa ni saa mbili usiku ile ya Juni, na saa tatu usiku ile ya Desemba kwa sababu wenzetu wanarudisha saa nyuma. Hili liweke kichwani maana kuna mtu anasubiri mpaka siku ya mwisho usiku wa manane akijua siku haijaisha, kumbe imefungwa saa mbili na bei imerudi pale pale.

Miaka ya nyuma bei za Steam zilikuwa zinabadilika kila baada ya masaa kadhaa ndani ya ofa, unakesha unavizia. Hilo halipo tena toka 2015. Sasa hivi bei utakayoiona siku ya kwanza kwa kawaida ndo hiyo hiyo mpaka ofa inaisha, kwa iyo hakuna haja ya kukurupuka. Ofa ikifunguliwa pitia, weka unazozitaka kwenye orodha yako, lala nazo, soma watu wanasemaje, ndo ununue. Na ile ya Juni imekaa vizuri kwa mtu wa mshahara kwa sababu tarehe za mwisho wa mwezi zinaangukia katikati ya ofa. Ile ya Desemba angalia sana, inaisha wakati ada za shule ziko mlangoni, mwenye watoto apange kabla.

PlayStation wao duka linabadilishwa ofa kila Jumatano, ndogo ndogo hazikatiki, ila kubwa ni Days of Play ambayo inakuja mwisho wa Mei kuingia Juni, zile za katikati ya mwaka Julai na Agosti, Black Friday ya Novemba, na ya kufunga mwaka inayovuka mpaka Januari. Xbox wanafanana fanana, wao siku yao ni Jumanne. Nintendo wanaweka ofa pia ila magemu yao wenyewe hayashuki kirahisi, Zelda Breath of the Wild imetoka 2017 na bei yake ya kawaida mpaka leo ni dola 60. Ya Nintendo usisubiri ianguke, tafuta diski, yaani zile kadi ndogo, za mtu aliyemaliza.

Na zipo za bure kabisa ambazo watu wa hapa wengi wanaziacha zinapita. Epic Games kila Alhamisi wanatoa gemu ya bure ya kompyuta, inabadilika saa kumi na mbili jioni ya kwetu, na kipindi cha huko kwao saa zimerudi nyuma inakuwa saa moja usiku. Walianza 2018, na Mei 2020 waliitoa GTA V yenyewe bure wiki nzima. Ukishaichukua inabaki kwenye akaunti yako, sio ya kuazima. Hata kama kompyuta uliyonayo leo haiwezi kuisukuma au huna kompyuta kabisa, ingia na simu ichukue, utaicheza siku ukipata mashine. Na wapenzi wa mpira kumbukeni eFootball, ile iliyokuwa PES, toka 2021 ni ya bure, kama unachotaka ni mechi na washkaji jioni basi jaribu hiyo kabla hujatoa laki na nusu.

Sio kila punguzo ni punguzo

Hapa ndo watu wengi wanapigwa, tena kihalali. Unakuta gemu imeandikwa nusu bei, rangi ya kijani inawaka, unasema wacha nichukue, kumbe gemu hiyo miezi miwili iliyopita ilikuwa robo bei na itarudi robo bei.

Dawa yake ni kuangalia historia ya bei na ni bure. Kwa Steam ingia SteamDB, kwa maduka mengi ya kompyuta kwa pamoja tumia IsThereAnyDeal, PlayStation kuna PSprices, Nintendo kuna Deku Deals. Andika jina la gemu, utaona mstari unaopanda na kushuka kama ngazi, na chini wameandika bei ya chini kabisa iliyowahi kufika. Chukua mfano wa Red Dead Redemption 2 ya kompyuta. Bei yake kamili dola 60, ila kwenye ofa imeshashuka dola 15 mara nyingi tu, yaani 37,500 badala ya laki na nusu. Sasa mtu akiikuta dola 30 akafurahi nusu bei, ameacha mezani shilingi 37,500 ambayo ingenunua gemu nyingine. Ukiona bei ya leo iko sawa na ile ya chini kabisa au inakaribiana, nunua bila mawazo. Ukiona iko mbali, weka alamu utumiwe taarifa ikishuka, nyingi ya hizo tovuti zinakutumia imeili.

Ule ujanja wa kupandisha bei wiki hii ili wiki ijayo waseme wamepunguza, kwa Steam angalau wameuzibia, gemu ikipandishwa bei hairuhusiwi kuwekwa kwenye punguzo mpaka zipite siku 30. Madukani kwetu hakuna anayezuia hilo. Kuanzia katikati ya Novemba mabango ya Black Friday yanajaa mpaka Mlimani City, we nenda na bei unayoijua kutoka Oktoba, piga picha kibao cha bei mapema kama kweli unakitaka kitu.

Kitu kingine, achana na toleo la bei kubwa siku ya kwanza. Gemu moja inatoka na matoleo matatu, la kawaida dola 70, la juu dola 100, tofauti ni kucheza siku kadhaa kabla ya wengine na nguo za mhusika na pointi. Pointi za FC, ile gemu ya mpira ya EA iliyokuwa inaitwa FIFA, ndo mbaya zaidi, wachezaji unaowapata kwa pointi hizo hawaji na wewe mwakani ukihamia FC mpya. Kwa magemu ya hadithi subiri mwaka mmoja au miwili, mara nyingi linatoka toleo lililokusanya nyongeza zote na linauzwa chini ya bei ya ile ya kwanza, na wakati huo makosa mengi yameshasahihishwa kwa apdeti.

Diski: inspekti kabla hujalipa

Kwa mwenye PS au Switch ya Nintendo hapa Dar mi naegemea diski kwa magemu mengi, na sababu ni ile hesabu ya mwanzo. Tuseme umenunua diski iliyotumika kwa 90,000, umecheza mwezi na nusu umemaliza, umeiuza 70,000. Umeicheza kwa 20,000. Ile ya kudaunlodi hata ukiipata kwa ofa ya 60,000 hiyo 60,000 imeenda moja kwa moja, huwezi kumuuzia mtu wala kumwazima mdogo wako wa Kigamboni.

Diski zinapatikana kwenye maduka ya simu na vifaa vya gemu Kariakoo, ukizunguka mitaa ya Aggrey na Msimbazi utayaona, na wauzaji wengi siku hizi wako Instagram na makundi ya WhatsApp wanakuletea na boda. Ya boda ni rahisi ila mi napenda kwenda mwenyewe kwa sababu diski ya kutumika inataka macho.

Mwombe muuzaji aitoe kwenye kasha. Ishike kwa pembeni, kidole kimoja kwenye tundu la katikati, geuza upande unaong'aa af iinamishe polepole chini ya taa, kama dukani giza sogea mlangoni. Mikwaruzo myepesi myepesi haina shida, diski za Blu-ray zina ngozi ngumu juu. Unayoiogopa ni ile inayofuata mzunguko wa diski, inayozunguka na duara, hiyo inakata taarifa mfululizo na mashine inashindwa kuruka. Na angalia vizuri pale kwenye tundu, kama kuna ufa hata mdogo iache, ile diski inazunguka kwa kasi na ufa unakua. Mtu akikwambia mikwaruzo ataiondoa kwa dawa ya meno au mashine ya kung'arisha usikubali, hiyo ilikuwa ya CD za zamani. Kwenye Blu-ray taarifa zimekaa sehemu ya kumi ya milimita tu kutoka juu, kwenye DVD ilikuwa zaidi ya nusu milimita, ukiisugua unaifikia.

Halafu soma kasha. Kwenye ubavu kuna namba, ikianza na CUSA ni ya PS4, ikianza na PPSA ni ya PS5. Ya PS4 inaingia PS5 vizuri, ya PS5 haiingii PS4, na kuna watu wamebeba wakijua zote sawa. Mbele chini angalia alama ya umri, ikiwa PEGI hiyo ni kopi ya Ulaya, ikiwa ESRB ni ya Marekani. Gemu yenyewe itacheza popote, shida inakuja kwenye nyongeza za kununua, zile ramani na wahusika wapya, hizo zinataka akaunti yako iwe ya ukanda ule ule wa diski, ukichanganya zinaweza kugoma na hela hairudi.

Mwisho ijaribu. Usione aibu.

"Bosi naomba uiweke kwenye PS hapo tuone inasoma."

"Nzima hiyo kaka, mzigo umetoka Dubai juzi tu."

"Sawa bosi, tuione tu dakika kumi."

Muuzaji wa kweli hakatai. Na usiishie kuona picha ya gemu imetokea kwenye skrini, hiyo inatokea hata kwa diski mbovu. Subiri ianze kujikopi na mstari usogee mbele, ikiwa na tatizo ndo hapo inakwama au inaleta ujumbe wa hitilafu. Hata ikikwama mwisho mwisho kule angalau mmekubaliana mapema, siku mbili za kurudisha, aandike kwenye risiti.

Diski nyingine ni kasha tu

Hili linakera na lazima uliangalie kabla. Watu wengi hapa wananunua diski kukwepa bando, wanajua gemu yote imo humo. Sio zote. Call of Duty Modern Warfare II ya 2022 diski yake ya PS5 ilikuwa na MB 70 hivi, kilichobaki chote unadaunlodi, na Call of Duty inakula zaidi ya GB 100. Kwenye Switch 2 iliyotoka Juni 2025 kuna makasha ambayo kadi ya ndani ni ufunguo tu, gemu haimo, wameandika mbele ya kasha chini, soma. Kabla ya kutoka nyumbani tafuta jina la gemu kwenye tovuti ya Does it Play, wao kazi yao ni kujaribu diski bila intaneti na kusema kama inacheza mpaka mwisho au hapana.

Kwa kompyuta sahau habari ya diski, makasha yanayouzwa siku hizi ndani mna karatasi yenye namba za kuingiza Steam au kwingine, ni za kudaunlodi tu zilizovaa kasha.

Na wakati wa kununua mashine yenyewe fikiria hili hili. PS5 ilipotoka Novemba 2020 isiyo na mlango wa diski ilikuwa dola 399 na yenye mlango dola 499, tofauti dola 100. Watu wakaona wameokoa 250,000. Lakini ukinunua isiyo na mlango umejifungia kwenye duka moja maisha ya mashine nzima, bei ni ya Sony tu, hakuna wa kushindana naye, hakuna kuuza, hakuna kubadilishana na jirani. Hiyo 250,000 inarudi kwa magemu manne au matano ya diski ukiyauza. Zile nyembamba zilizokuja 2023 mlango unaweza kununua baadae ukauchomeka, ni nafuu kidogo, PS5 Pro inakuja bila mlango ila nayo unauchomeka hivyo hivyo, Xbox Series S haina na huwezi kuuongeza. Uliza hilo swali la kwanza kabisa ukifika dukani, kabla hata ya bei.

Lini ya kudaunlodi inashinda

Inashinda kwa kompyuta, hapo hakuna mjadala. Inashinda kwa magemu madogo ya dola 10 au 15 ambayo diski yake hata haipo. Na inashinda kwa ile gemu unayoifungua kila siku mwaka mzima, hutaki kuamka kubadilisha diski na wala hufikirii kuiuza.

Ila ongeza bando kwenye bei. Red Dead 2 ya kompyuta wameandika wenyewe inataka GB 150 za nafasi. Kama nyumbani una Wi-Fi isiyo na kikomo sawa, kama unatumia bando la simu kaa chini upige hesabu ya GB hizo kwa kifurushi chako, unaweza kukuta bando limezidi bei ya gemu ya ofa. Kuna njia watu wachache wanaijua, Steam toka 2023 wanaruhusu kompyuta mbili zilizo kwenye Wi-Fi moja kupeana mafaili ya gemu. Mwenzako kama anayo na wewe umeinunua, beba kompyuta nenda kwake, mkiwa marafiki humo Steam na mmeruhusu kwenye mipangilio, inavuta kutoka kwa mashine yake badala ya intaneti. Na mkiwa ndugu nyumba moja fungueni Steam Families, mnaingia mpaka watu sita, gemu aliyonunua kaka, mdogo wake anaicheza kwenye akaunti yake mwenyewe, ila kopi moja hamuwezi kuicheza wawili kwa wakati mmoja.

Kurudisha pia hakufanani. Steam wanarudisha hela ndani ya siku 14 kama hujacheza masaa mawili, kwa iyo ukinunua jaribu siku hiyo hiyo, usiiweke mpaka mwezi ujao. GOG, duka lingine la magemu ya kompyuta, wanatoa siku 30. PlayStation ni siku 14 lakini ukishaanza kuidaunlodi tu haki imekwisha, labda gemu iwe mbovu, na kuna mashine imewekwa ijidaunlodie yenyewe ukishalipa, zima hicho kitu. Nintendo ukilipa hesabu imefungwa.

Kulipa, na wale wa bei rahisi sana

Kadi ya Visa ya M-Pesa inafanya kazi kwa manunuzi mengi ya mtandaoni, weka kiasi kile kile unachohitaji na kidogo cha juu, kwa sababu kubadilisha shilingi kwenda dola kuna makato na kiwango chao sio kile ulichokiona kwenye taarifa ya habari. Kadi za benki pia zinafaa, ila kuna benki ambazo mpaka uombe manunuzi ya mtandaoni yafunguliwe, fanya hivyo wiki moja kabla ya ofa, sio usiku ule ofa inafungwa.

Kwa PlayStation ni hadithi nyingine. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ukifungua akaunti, ndo maana wenye PS wengi hapa mjini akaunti zao ni za Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, na nchi ukishaichagua haibadilishiki. Kadi za vocha lazima ziwe za nchi hiyo hiyo, kadi ya Marekani kwenye akaunti ya Uingereza haiingii. Ukinunua kadi kwa mtu wa mtandaoni piga hesabu ya faida anayoweka, kadi ya dola 50 akikuuzia kwa hela ya dola 60 ofa yako ya asilimia 20 imeshaliwa.

Sasa wale wanaouza "akaunti yenye FC na GTA kwa elfu 30". Unapewa jina na pasiwedi, unaingia, unacheza, unafurahi. Hiyo akaunti sio yako, imeili ya mwanzo anayo yeye, siku yoyote anaweza kuirudisha na kumuuzia mwingine, na watu wa kampuni wakigundua akaunti inauzwa uzwa wanaifunga. Huna risiti, huna pa kulalamika. Niliona mdogo wangu mmoja jirani analia na hili, vijana wanakusanya hela za vibarua af mtu anawafuta kwa kubonyeza tu. Naumia nikiliona kwa sababu kwa hela hiyo hiyo angepata diski ya zamani nzuri ikawa yake. Namba za magemu ya kudaunlodi kutoka kwa wauzaji wasioeleweka ni hivyo hivyo, Januari 2015 kampuni ya Ubisoft walizifuta Far Cry 4 kwenye akaunti za watu kwa sababu namba walizonunua zilipatikana kwa wizi wa kadi.

Jambo la umiliki nalo lijue. Ukibonyeza kununua unapewa leseni ya kutumia, Steam toka Oktoba 2024 wanakuandikia hivyo kabisa kabla hujalipa. Septemba 2023 EA waliziondoa FIFA za zamani kwenye maduka ya mtandaoni mpaka FIFA 23 ilipokuwa FC inaingia, anayeitaka FIFA 23 leo njia ya kawaida ni diski. Lakini diski nayo haiokoi kila kitu, The Crew ya Ubisoft ilikuwa inataka seva muda wote, tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa na wenye diski na wasio nayo wote wakabaki nje. Kabla ya kununua angalia kama gemu inacheza bila intaneti. Anayetaka kumiliki kweli kwenye kompyuta anunue GOG, pale unachukua faili la kusakinisha unalihifadhi kwenye diski ya nje, hata duka lao likifungwa kesho linafanya kazi.

FC ina hesabu yake

Nimeiacha mwisho kwa sababu ndo gemu wengi wetu tunanunua kila mwaka. Inatoka mwisho wa Septemba kwa bei kamili, na Novemba kwenye Black Friday huwa iko kwenye punguzo la maana, miezi miwili tu. Kadri msimu wa ligi unavyoenda inazidi kushuka, na FC 24 ilifika mpaka kuwekwa kwenye magemu ya mwezi ya PS Plus, ule usajili wa kulipia wa PlayStation, Mei 2024, ambayo unaichukua na kucheza muda wote ukiwa umelipia. Kwa iyo mwenye uvumilivu anunue Novemba, au mwezi wa tatu kama timu yake haimpi presha.

Asiyeweza kusubiri achukue diski mpya siku ya kwanza, acheze, ila aangalie kalenda ya kuuza. Diski ya FC inashikilia bei mpaka Krismasi hivi, baada ya hapo kila mwezi inapoteza, na ikishatangazwa mpya katikati ya mwaka inaanguka, Septemba hakuna anayeitaka. Ukiamua kuuza uza Desemba, wakati watoto wamefunga shule na wazazi wanatafuta zawadi, au mwisho kabisa mwezi wa nne. Tunza kasha na karatasi yake, diski isiyo na kasha muuzaji wa Kariakoo anakukata papo hapo, na ifute alama za vidole kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje kabla hujaipeleka.